Bango na Samaki wa Kale: Kazi za Wanafunzi za Kubuni Mawasiliano ya Picha katika Pwani ya Tanga

Katika miaka ya mwisho ya 1940, karatasi moja iliyopigwa chapa Afrika Kusini ilianza kusambazwa katika bandari na visiwa vya pwani ya mashariki ya Afrika. Karatasi hiyo ilikuwa na picha ya samaki mmoja mzima, aliyeonyeshwa kwa ubavu. Ilitaja zawadi ya paundi 100, na maelezo yake mafupi yaliandikwa katika lugha tatu, yaani Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Aliyeitunga alikuwa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki aliyefundisha mjini Grahamstown. Samaki aliyetafutwa alikuwa silikanti. Wataalamu walikuwa wamemjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini kwamba ukoo wake ulikwisha kutoweka kwa zaidi ya miaka milioni 60, hata mmoja alipovuliwa karibu na mji wa East London mwaka 1938. Viungo laini vya ndani vya samaki huyo wa kwanza havikuhifadhiwa, kwa hiyo sayansi ilimhitaji wa pili.

Wa pili alipatikana Desemba 1952, baada ya miaka 14, katika kisiwa cha Nzwani huko Komoro. Mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua kwa mshipi usiku, akampeleka sokoni kama samaki yeyote mwingine. Hapo mwalimu mmoja wa shule alimtambua kwa sababu alikwisha kuiona ile picha, naye akamzuia mvuvi asimkatekate. Samaki alichukuliwa na kuvushwa kisiwani hadi kwa nahodha Eric Hunt, mfanyabiashara wa baharini aliyekuwa ndiye aliyezipeleka karatasi hizo Komoro. Kutoka huko simu ya upepo ikapelekwa kwa Smith.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya elimu ya viumbe. Kwa mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi namna ya kubuni mawasiliano ya picha, ni somo la bango lililofanya kazi yake, na yafaa kuchunguzwa kwa nini lilifaulu. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo tangu zamani, na hata jina walikuwa nalo, gombessa. Karatasi ya Smith, basi, haikuwafundisha sura ya samaki. Iliwafahamisha kwamba yuko mtu anayemtaka, kwamba atalipa, na kwamba samaki asikatwe wala asisafishwe bali apelekwe mzima kwa ofisa anayeweza kumtunza na kupeleka habari kwa simu. Picha ilimfanya mtazamaji asimame, fedha ikamfanya asome, na maagizo yakamwambia afanye nini kwa mikono yake. Kasoro yake kubwa ni lugha. Katika eneo ambalo Kiswahili na Kikomoro ndizo lugha za soko na chombo, hakuna hata moja iliyotumiwa, hata ikabidi apatikane mwalimu wa kusoma.

Kutoka Komoro hadi Tanga

Katika maji ya Tanzania silikanti alithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huko Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia mwaka 2004 walianza kupatikana katika pwani ya Tanga kwa wingi usiotazamiwa. Walinaswa katika majarife, yaani zile nyavu za matundu makubwa zitegwazo kwa ajili ya papa, ambazo sasa zilikuwa zikishushwa mbali zaidi, penye miamba ya kina cha mita 50 hadi 150 na zaidi. Mvuvi hakuwa akimtafuta silikanti, na nyama yake haina soko kubwa. Alikuwa akimfuata papa, ambaye amekuwa adimu katika maji ya karibu. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita za mraba 552, kutoka upande wa kaskazini wa mlango wa Mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko, kaskazini ya jiji la Tanga. Ndani yake vimo visiwa vya Toten, Yambe na Karange.

Uchunguzi wa magamba uliotangazwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba silikanti aweza kuishi karibu miaka 100, kwamba hukomaa akiwa amepita miaka 40, na kwamba hubeba mimba kwa muda wa miaka 5 hivi. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kufidia hasara haraka. Jike mmoja anaswapo leo, nafasi yake haijazwi katika maisha ya mvuvi aliyemnasa.

Hapa ndipo kazi ya wanafunzi inapoanza. Shule ya Tanga, Muheza, Mkinga au Pangani yaweza kuwapa wanafunzi swali hili: libuniwe bango gani la kuwekwa penye diko la samaki, ili majarife yasitegwe tena juu ya miamba wanamokaa silikanti? Swali hili ni zuri kwa sababu lina kipimo. Bango ama litabadili jambo fulani ama halitabadili.

Tendo moja

Wanafunzi wengi wakipewa kazi hii huchora samaki mkubwa, wakaandika chini yake maneno kama “Tumlinde silikanti” au “Samaki wetu, urithi wetu”. Bango hilo laweza kupendeza katika ukumbi wa shule. Lakini mvuvi akilitazama atauliza, kwa haki kabisa, “Nimlinde vipi?” Karatasi ya Smith ilikuwa na jibu la swali la namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya penseli kugusa karatasi, wanafunzi hawana budi kutafuta tendo moja linaloombwa, na elimu ya sayansi ndiyo itakayowaonyesha ni tendo lipi. Wengine watasema: mvuvi amrudishe samaki baharini. Hoja hiyo ipimwe. Silikanti huishi katika maji ya baridi ya kilindini. Avutwapo juu huingia katika maji ya vuguvugu, na maji ya vuguvugu huweza kushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, hali mwili uliopashwa joto unahitaji oksijeni zaidi. Tena huwa amekwisha kuchoka kwa kuhangaika wavuni kwa saa nyingi. Aghalabu hufa. Basi bango linaloomba arudishwe linaomba jambo lililokwisha kuchelewa. Tendo lenye manufaa liko nyuma zaidi, katika saa ile nahodha anapochagua mahali pa kutega.

Na tendo lenyewe lionyeshwe kwa upande wa kutenda. Picha ya jarife juu ya mwamba, iliyopigwa msalaba mwekundu, humtaka mtazamaji aelewe mambo mawili: kwanza jambo lililochorwa, kisha kwamba linakatazwa. Anayepita kwa haraka huona lile la kwanza tu. Ni afadhali kuchora chombo kikitega mahali panaporuhusiwa.

Hapa pana ugumu ambao mwalimu asiufiche. Smith aliahidi fedha, lakini bango la leo linamwomba mvuvi aache mahali penye mapato na halimpi kitu. Ikiwa wanafunzi hawakujua mahali pengine pa kutega, au bei ya jarife, au mapato ya papa mmoja, watakuwa wanatoa amri kwa watu wenye watoto wa kulisha. Siku ya kwanza ya kazi yafaa itumike dikoni, kusikiliza, baada ya kuomba ruhusa kwa serikali ya kijiji, na maofisa wa hifadhi waulizwe ni maeneo gani yenye masharti na ni zana zipi zinazokubaliwa. Huenda wanafunzi wakagundua kwamba bango peke yake halitoshi. Ugunduzi huo nao ni matokeo ya kisayansi, na uandikwe katika ripoti. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, iliyowashirikisha watu wapatao milioni 2 nchini, haikutegemea picha tu. Vitabu vyenye michoro vilisomwa katika vikundi, redio ikasikilizwa pamoja, kisha kikundi kikaamua kuchimba vyoo.

Macho ya mtazamaji

Picha haisomwi na watu wote kwa namna moja. Mwaka 1976 lilitolewa jambo hili katika uchunguzi wa Diana Fussell na Ane Haaland uliofanywa Nepal kwa ajili ya UNICEF. Wanavijiji wasiojua kusoma walionyeshwa vitu vilevile katika mitindo mbalimbali ya picha. Zile zenye umbo kamili na vivuli, zilizoondolewa mandhari ya nyuma, zilitambuliwa na wengi kuliko michoro ya vijiti. Tena kutambua kitu hakukuwa sawa na kupata ujumbe: mtu aliweza kutaja kila kilichochorwa na bado asijue anaambiwa nini. Wafundishaji wa afya nao husimulia habari ya mbu aliyechorwa mkubwa kama kuku ili aonekane vizuri, na watazamaji wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho.

Silikanti ana tatizo la kinyume chake. Hufikia urefu wa mita moja na nusu na zaidi, na uzito wa kilo 80 au zaidi ya hapo, lakini akichorwa peke yake aweza kudhaniwa chewa mdogo. Dawa yake ni kumchora kando ya kitu kinachojulikana, kama mtu mzima au kafi. Alama zake zionekane wazi: mapezi yenye shina nene kama viungo, mkia wenye kishungi cha kati, na mabaka meupe juu ya mwili wa buluu iliyoiva. Akatwe kichwa katika mchoro ili nafasi itoshe, na atakuwa samaki aliyekatwa kichwa.

Mfuatano wa picha unahitaji uangalifu wa pekee katika pwani hii. Wanafunzi wa sekondari hupanga picha tatu kutoka kushoto kwenda kulia bila kufikiri. Lakini watu wengi wa Tanga, Pangani na Moa walianza kusoma chuoni, katika msahafu, kutoka kulia kwenda kushoto. Picha ya kwanza ikionyesha jarife juu ya mwamba na ya mwisho ikionyesha jarife mahali salama, mtazamaji akianzia kulia atapata maagizo yaliyogeuzwa kabisa. Picha zipangwe kutoka juu kwenda chini, au ziwekewe tarakimu kubwa, au, lililo bora, ibaki picha moja.

Kwa habari ya maneno, wanafunzi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Kanga imekuwa ikifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 100. Pindo huzunguka na kulikusanya jicho, mji hubeba umbo kubwa la katikati, na jina huwa mstari mmoja mfupi unaosomeka hata mvaaji akiwa anatembea. Kila shule inaweza kuleta kanga kumi darasani, ikahesabu maneno ya kila jina na kupima urefu wa herufi zake kwa rula. Ni somo la bei ndogo kuliko kitabu chochote cha uchoraji, na wasichana huenda wakawa na mengi ya kuwafundisha walimu wao.

Herufi, nuru na alfajiri

Herufi iwe na urefu gani? Hapa somo la hesabu linaingia. Tangu mwaka 1862, Herman Snellen wa Uholanzi alipotoa chati yake ya kupima macho, imekubaliwa kwamba jicho zima laweza kutambua herufi inayofanya pembe ya sehemu ya 12 ya nyuzi moja machoni. Tanjenti ya pembe hiyo ni 0.00145. Kwa mtu aliye mita 6 kutoka kwenye bango, herufi ndogo kabisa inayotambulika ni 6 × 0.00145, yaani milimita 8.7. Hicho ni kikomo cha jicho zuri katika nuru nzuri. Mtu anayepita amebeba kapu, au mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu, ahitaji mara tatu na zaidi. Kanuni nyepesi ni kugawanya umbali kwa 200: mita 6 hutaka herufi za sentimita 3, na mita 12 hutaka sentimita 6.

Sasa ipimwe nafasi. Ubao wa plaiwudi wenye upana wa sentimita 120, ukiachiwa pambizo ya sentimita 10 kila upande, hubakiza sentimita 100. Herufi yenye urefu wa sentimita 6, pamoja na nafasi yake, huchukua upana wa sentimita 5 hivi. Mstari mmoja, basi, una herufi 20 tu. “Tega jarife mbali na miamba ya kina” ina herufi na nafasi 35, kwa hiyo ni mistari miwili. Wanafunzi waliokuwa wameandaa aya nzima wataona wenyewe kwamba aya hiyo haiwezi kusomwa na mtu yeyote aliye mbali.

Jambo la rangi huwashangaza wengi. Nyekundu huchaguliwa kwa kuwa hung’aa mchana. Lakini vyombo vingi hurudi na mnada huanza mapema, na alfajiri jicho halioni kama mchana. Jicho lina chembe hai za kupokea nuru za aina mbili. Zile zenye umbo la pia hutambua rangi na hufanya kazi katika nuru nyingi. Zile zenye umbo la fimbo hufanya kazi gizani, hazitofautishi rangi, na karibu hazipokei kabisa nuru nyekundu. Nuru inapopungua, nyekundu hugeuka kama nyeusi, na buluu na kijani huonekana nyeupe zaidi kuliko zilivyokuwa. Jan Purkinje wa Bohemia aliliona jambo hili katika maua mapema katika karne ya 19. Herufi nyekundu juu ya buluu iliyoiva, zinazopendeza saa sita mchana, hupotea saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Jaribio lake ni rahisi. Wanafunzi wakate vipande viwili vya karatasi, chekundu na cha buluu, ambavyo mchana vinaonekana kuwa na mng’ao sawa, wavibandike ukutani na kuvitazama kila dakika tano tangu giza hadi jua kuchomoza, wakiandika ni kipi kinachoonekana cheupe zaidi. Mchanganyiko salama ni nyeusi juu ya nyeupe au ya manjano. Nao una faida nyingine, kwani rangi nyeusi ya masizi haichujuki upesi juani, ilhali nyekundu nyingi za bei nafuu hufifia katika miezi michache. Karatasi haifai dikoni hata kidogo. Unyevu na chumvi ya upepo wa kusi huilegeza kabla haijasomwa. Itumike rangi ya mafuta juu ya ubao uliopakwa pande zote mbili, pamoja na kingo zake, kwa maana maji huanzia kwenye kingo.

Kulijaribu bango

Sehemu hii ndiyo iachwayo mara nyingi, nayo ndiyo inayotofautisha kazi ya sayansi na pambo. Zitengenezwe rasimu tatu za bei ndogo, na kila moja ionyeshwe kwa watu wasiopungua 20 wa aina ile inayokusudiwa: manahodha, mabaharia, wachuuzi. Wanafunzi wenzao wasihesabiwe.

Namna ya kuuliza ina uzito. Kijana akimwendea mzee, akaamkia “Shikamoo babu”, kisha akamwonyesha picha na kuuliza, “Je, umefahamu?”, atajibiwa, “Nimefahamu, mwanangu,” kwa kuwa uungwana hauruhusu jibu jingine. Jibu hilo halina thamani katika daftari. Swali liwe wazi: “Babu, hapa unaona nini?” Kisha: “Aliyeichora anataka watu wafanye nini?” Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, bila kusahihishwa, na mwulizaji asitikise kichwa wala asitabasamu. Baadaye yagawanywe katika mafungu matatu: waliotambua vitu, waliotaja tendo linaloombwa, na walioelewa kinyume. Fungu la tatu ndilo la kutazamwa kwanza. Tuseme, kwa mfano, rasimu ya kwanza imeeleweka na watu 12 kati ya 20 na kueleweka kinyume na 5, na rasimu ya pili imeeleweka na 10 lakini hakuna aliyeielewa kinyume. Wengi watachagua ya kwanza. Hata hivyo ya pili ndiyo ya kuendelezwa, kwa sababu bango linalowatuma watu watano upande usiofaa lina madhara kuliko kutokuwapo.

Kisha hufuata kipimo cha matokeo. Bango liwekwe katika diko moja, na diko la pili lenye uvuvi wa namna ileile liachwe bila bango kwa muda. Manahodha wa pande zote mbili waulizwe, kabla na baada ya miezi mitatu, wanatega majarife wapi na kwa kina gani. Ikiwa mabadiliko ni sawa pande zote, sababu yake si bango. Huenda ni pepo zilizobadilika, maana kaskazi ikigeuka kusi wavuvi hubadili mahali pa kutega hata kama hakuna bango duniani. Ndiyo sababu diko la pili ni la lazima.

Kazi iliyofanywa hivyo yafaa kupelekwa katika maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2012, ambako wanafunzi wa sekondari hueleza uchunguzi wao mbele ya waamuzi. Hapo kuna mtego mdogo. Bango la kueleza kazi kwa waamuzi si bango la dikoni. Waamuzi husimama umbali wa mita moja na nusu, wana dakika kadhaa, na wanataka jedwali na grafu. Wanafunzi wapime upya umbali, wagawanye kwa 200, na waonyeshe rasimu zote tatu pamoja na majibu ya wavuvi, hata yale yaliyoiangusha rasimu waliyoipenda kuliko zote.

Mwisho, ubao wa dikoni uwe na mtu wa kuutunza. Shule ikubaliane na viongozi wa diko nani ataufuta chumvi, nani ataupaka rangi tena kusi ikiisha, na nani atauondoa siku masharti ya eneo yakibadilika. Daftari la majibu libaki katika maktaba ya shule, pamoja na tarehe, kina cha maji kilichotajwa, na idadi ya waliohojiwa, ili kidato kitakachofuata kianze pale kilipoishia kilichotangulia.